Bwana Mdogo na Shati Jekundu



Kila tunapokutana huwa tunakumbushana majina ya utani tuliyowapa walimu wetu. Safari hii naomba niwapeleke mbali, Japani, kwenye shule ya sekondari ya mji wa Matsuyama katika kisiwa cha Shikoku. Nako majina ya utani yalikuwako, na mojawapo limenisumbua kwa muda mrefu.

Mwezi wa Aprili 1895 aliwasili Matsuyama mwalimu mgeni wa Kiingereza, umri wake miaka 28. Aliitwa Natsume Kinnosuke. Baadaye alijulikana kwa jina la uandishi, Natsume Soseki. Alitoka Tokyo, akiwa na shahada ya fasihi ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Kifalme. Wakati huo Japani nzima ilikuwa na chuo kikuu cha namna hiyo kimoja tu. Cha pili, cha Kyoto, kilianzishwa mwaka 1897. Msomaji na apime mwenyewe uzito wa mtu wa shahada alipoteremka katika mji wa mkoani. Mshahara wake ulikuwa yen 80 kwa mwezi, ilhali mkuu wa shule alipata yen 60.

Jambo hili lilikuwa na chanzo chake. Mwaka 1872 serikali mpya ya Meiji ilitoa sheria ya elimu iliyokusudia kujenga shule za msingi 53,760, za sekondari 256 na vyuo vikuu 8. Hayo yalikuwa ya kwenye karatasi. Sehemu kubwa ya gharama iliwaangukia wananchi wenyewe, na mahali pengine wakulima walizitia moto hizo shule. Hata hivyo shule zilienea mwaka hadi mwaka, na zilipoenea zilitaka walimu. Vijana waliosoma Tokyo wakatawanywa mikoani, wengi wao wakihesabu siku za kurudi.

Soseki hakukaa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1896 alihamia Kumamoto. Mwaka 1900 serikali ikampeleka London, akaishi huko miaka miwili ya dhiki na upweke. Aliporudi alifundisha chuo kikuu, na Aprili 1906 akachapisha katika gazeti la Hototogisu hadithi ya kuchekesha iitwayo Botchan. Maana yake ni bwana mdogo, kama mtumishi wa nyumbani anavyomwita mtoto wa tajiri wake.

Bwana Mdogo huyu ni mtu wa papara. Utotoni aliruka kutoka ghorofani shuleni kwa sababu wenzake walimwambia hathubutu. Mtu pekee anayemwamini ni Kiyo, mtumishi mzee wa nyumba yao. Wazazi wanapofariki, kaka yake anampa yen 600 na kuagana naye. Kijana anazimalizia katika shule ya fizikia, kisha anakubali kazi ya kufundisha hesabu Shikoku kwa yen 40 kwa mwezi, bila kufikiri.

Wanafunzi wanamtia adabu mara moja. Jioni anakula bakuli nne za tambi. Asubuhi anakuta habari hiyo imeandikwa ubaoni. Anaogelea katika bafu la umma la maji ya moto, kesho yake anakuta bango la kukataza kuogelea. Usiku wa zamu yake bwenini anajilaza na kukuta kitanda kimejaa panzi. Akiwauliza wahusika, wao wanaanza kubishana naye juu ya jina sahihi la mdudu. Waliopata kuwa walimu wa zamu hapa kwetu watacheka kwa uchungu. Sisi tuliokuwa upande wa wadudu tunyamaze.

Naye analipiza kwa majina. Mkuu wa shule anamwita Tanuki, mnyama mjanja wa ngano za kwao. Mkuu wa somo la hesabu, mtu mkali na mnyoofu, ni Nungunungu. Mwalimu mpole wa Kiingereza, Koga, aliyepauka uso, ni Boga. Na makamu mkuu wa shule ni Shati Jekundu, kwa kuwa huvaa shati jekundu la sufi hata wakati wa joto, akidai kwamba rangi hiyo inafaa kwa afya. Huyu ndiye mwenye shahada ya fasihi. Huzungumza kwa sauti laini, na akienda kuvua samaki huutazama mti wa msonobari na kutaja wachoraji wa Ulaya.

Koga ana mchumba ambaye Shati Jekundu anamtaka. Baba yake Koga amefariki na nyumba imefilisika, kwa hiyo mama anakwenda kwa mkuu wa shule kumwombea mwanawe nyongeza ya mshahara. Jibu linalokuja ni hili: shuleni nafasi hiyo haipo, lakini Nobeoka, ng'ambo katika kisiwa cha Kyushu, ipo kazi yenye yen 5 zaidi, na mipango imekamilika. Koga anasema afadhali abaki alipo na mshahara wake wa zamani. Amechelewa. Anafanyiwa karamu ya kumuaga, na hotuba nzuri kupita zote zinatolewa na hao hao waliomwondoa. Bwana Mdogo anaahidiwa nyongeza kutokana na mabadiliko hayo. Anapojua inatoka wapi anakwenda usiku kwa Shati Jekundu kuikataa. Makamu anamshinda kwa hoja. Kijana hana jibu, ila fedha haitaki.

Nilipokisoma kitabu hiki chuoni nilijiona mimi ni Bwana Mdogo. Nadhani kila kijana hujiona hivyo. Nimekirudia baada ya kukaa serikalini miaka mingi, na sura hiyo ya uhamisho nimeisoma polepole. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi alikuwako mtumishi aliyeomba kupandishwa cheo. Alipandishwa, kwa sharti la kuhamia mkoa wa mbali, naye alikuwa na mama mgonjwa. Kiti chake kilikuwa kinatakiwa na mtu mwingine, nililijua hilo. Barua niliiandika mimi. Ilikuwa barua nzuri, isiyo na kosa la sarufi, na ndani yake mlikuwamo maneno "kwa manufaa ya umma". Siku ya kumuaga nilisimama nikasema machache.

Mwaka 1914 Soseki aliwahutubia wanafunzi wa shule ya Gakushuin mjini Tokyo. Aliwaeleza kwamba huko Matsuyama mwenye shahada ya fasihi alikuwa yeye peke yake. Basi kama ni lazima kumtafutia kila mhusika mtu wake, Shati Jekundu atakuwa yeye. Wasikilizaji pengine walicheka. Alikuwa na hiari ya kumpa yule mlaghai cheti kingine chochote, akampa chake mwenyewe.

Mwisho wa hadithi, Bwana Mdogo na Nungunungu wanamvizia Shati Jekundu, wanampiga, kisha wanapanda meli. Kijana anapata kazi katika kampuni ya tramu Tokyo kwa yen 25 kwa mwezi, na kuishi na Kiyo mpaka mama yule anapofariki kwa nimonia. Matsuyama, mji alioutukana ukurasa baada ya ukurasa, hauna kinyongo: una uwanja wa besiboli wenye jina lake tangu mwaka 2000, na vitreni vya Botchan vilianza mwaka 2001.

Shati Jekundu, kwa kadiri hadithi inavyosema, alibaki na cheo chake. Koga alipanda meli kwenda Nobeoka, na kitabu hakimtaji tena alifikaje huko wala kama mama yake alipazoea. Mtumishi yule niliyemwandikia barua alistaafu huko huko mkoani. Hatujaandikiana.