Rangi za mafuta na uchoraji wa maua yasiyosubiri

MAUA yaliyokatwa na kutiwa katika chombo cha maji hayamsubiri mchoraji. Asubuhi huchanua, jioni huinama, na kesho yake baadhi ya petali huwa zimekwisha kuanguka mezani. Ndiyo sababu kuyachora kwa mtindo wa impreshonizimu hudai kasi, na kasi hiyo hutegemea aina ya rangi.

Mtindo huo ulizaliwa Ufaransa. Mwaka 1874 kundi la wachoraji lilifanya maonyesho jijini Paris, na mwandishi Louis Leroy akalibandika jina kwa kejeli kutokana na picha ya Claude Monet, "Impression, soleil levant". Wachoraji hao hawakuhangaika na kila jani. Walichora mwanga kama ulivyolifikia jicho kwa wakati ule. Kilichowasaidia kilikuwa kitu kidogo: mrija wa bati laini wa kuhifadhia rangi, uliobuniwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841.

Nchini Tanzania, jina "rangi ya mafuta" lina maana mbili, na anayezichanganya huharibu kazi yake. Kwa fundi wa nyumba, ni rangi ya kopo inayong'aa, ipakwayo milango na madirisha. Ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya siling bodi, miaka minne kabla ya kuuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Rangi hiyo hukauka kwa saa chache, hivyo ukingo wa umbo hubaki safi na mkali, sifa iliyoufanya mtindo wake utambulike duniani.

Rangi ya mrija ni kitu kingine. Husagwa kwa mafuta ya kitani, ambayo hayatoweki hewani bali huvuta oksijeni na kugeuka utando mgumu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na penye tabaka nene hata miezi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na kisha London, alichora kwa rangi hiyo maisha ya kijijini, na picha yake mojawapo ilinunuliwa na jumba la MoMA la New York mwaka 1960. Maua ya mezani hayakuwa shabaha yake. Mwalimu wake Makerere, Margaret Trowell, aliwahimiza wanafunzi kuchora wanayoyaona akilini.

Kwa mchoraji wa maua, kuchelewa kukauka ni faida, kwani rangi mbichi hukutana na nyingine mbichi na kingo zikalainika. Chombo huwekwa karibu na dirisha moja, ili mwanga utoke upande mmoja. Mchoraji huanza na vivuli vikubwa kwa rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha hulishughulikia ua linalonyauka upesi kuliko mengine. Alizeti za shambani, kama zilimwazo Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, zinafaa sana kujifunzia: njano ya upande wa kivuli haitiwi nyeusi, bali zambarau kidogo, kwa kuwa rangi hizo mbili huzimana.

Mguso wa brashi ukishawekwa, uachwe. Kuurudiarudia hugeuza rangi kuwa tope, na hapo ndipo wengi hushindwa, si katika kuchora umbo. Tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo picha itapasuka. Rangi ya kopo nayo isipakwe juu ya rangi ya mrija ambayo bado ni laini.

Édouard Manet, ambaye hakuwahi kushiriki maonyesho ya kundi hilo ingawa lilimheshimu, alichora picha ndogo za maua zipatazo 16 kati ya mwaka 1882 na 1883. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umemzuia kusimama kwa muda mrefu, na marafiki ndio waliomletea maua. Mashina yaliyozama katika vyombo vya kioo aliyachora kwa mistari michache tu ya kijani na kijivu. Alifariki Aprili 30, 1883.