Web Disaina wa Nairobi: Keja, Ngoma na Vita ya Balansi

Kila ploti ya Roysambu iko na mmoja. Ni yule msee wa bedsita ya floo ya nne ambaye taa yake haizimwi usiku, haonekani asubuhi kwa ule umati unaokimbilia matatu, na keateka hajawahi elewa anafanya kazi gani. Majirani wa roho chafu wanasema ni wash wash. Ukweli ni kwamba anatengeneza websaiti, na pengine ile ya duka ulilonunua viatu mwezi jana ni mkono wake.

Hii hapa rada yake yote: anaishi aje, siku inaisha aje, anaskiza nini, na mbona kila ukimuomba soft loan anakuambia doo inaingia wiki ijayo.

Tuanze na kazi. Web disaina ndiye anapanga tovuti itaonekana na kutumika vipi: rangi, maandishi, vifungo, ukibonyeza hapa unatokea wapi. Kwa kampuni kubwa huyu huchora tu kwa Figma, halafu developa anakuja kuandika kodi. Mtaani hakuna hiyo anasa. Msee mmoja anachora, anaandika, anapiga picha za bidhaa, anafungua barua pepe za ofisi, na printa ya mteja ikikwama bado ni yeye anapigiwa. (Ndio, kwa hii kazi kuna kodi mbili, ile unaandika na ile unalipa. Ya pili haingoji.)

Wengi wanaanza na WordPress, juu ni ya bure na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaitumia. Baadaye HTML na CSS zinawapata tu mbele, siku mteja anataka kitu ambacho hakuna kitufe chake. Shule yao ni YouTube. Hakuna mteja huwa anauliza ulisomea wapi, anaitisha linki za kazi ulizofanya, basi. Na usidhani ni maboy pekee. AkiraChix hapa Nairobi imekuwa ikifunza wasichana teknolojia tangu 2010, na wengine wao ndio wanaajiri hao maboy saa hii.

Keja ya disaina unaitambua haraka. Sufuria mbili, godoro chini, lakini kiti ni cha ofisi na skrini ni mbili. Laptopu ni ex-UK, ThinkPad ama EliteBook, betri ilikufa kitambo kwa hivyo inakaa kwa stima kama mgonjwa kwa dripu. Akihama nyumba haulizi kama kuna balkoni. Anauliza faiba gani imefika hapa, na kama mita ya tokeni ni yake pekee ama anagawana na jirani anayepika kwa koili.

Hayo maswali si ya bure. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kuna wasee walikuwa na kazi ya kuwasilisha kesho yake asubuhi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, net ikawa ya kutambaa East Africa yote. Mwezi uliofuata, ile Juni 25 ya maandamano, net ikayumba tena. Mteja haelewi nyaya za bahari. Mteja anaelewa ulisema Jumatatu.

Siku yenyewe huanza saa nne, ikianza mapema. Chai, mkate, halafu WhatsApp. Hapo ndipo kuna noma. Mteja ametuma logo, lakini ni picha ya biashara kadi iliyokunjwa, imepigwa usiku. Kuna voisi ya dakika nne inayosema "ifanye ikae fiti zaidi". Maandishi ya ukurasa wa "Kutuhusu" yaliahidiwa wiki tatu zilizopita na bado ni kesho. Ukweli ni kwamba tovuti nyingi zinachelewa juu ya hayo maandishi, si juu ya disaina. Mchana ni chapo madondo kwa kibanda, na hapo ndipo anaongea na binadamu kwa mara ya kwanza.

Mchana wote unaenda kwa kitu ambacho hauwezi kuona: kufanya tovuti iwe nyepesi. Mteja anaangalia kazi kwa laptopu ya ofisi, lakini customer wake ataifungua kwa simu, akiwa ndani ya nganya ya Rongai, na bando ya mbao. Picha moja ya megabaiti tano na huyo customer ashaondoka. Kwa hivyo disaina anayejua kazi anazikata hizo picha zote hadi kilobaiti mia mbili ama chini, na anaanza kupanga kwa skrini ya simu kabla ya ile kubwa. Ni kazi ya kuchosha na hakuna mtu huwa anaisifu. Vile mteja anataka ni vitu viruke, viwake, zizunguke kama taa za nganya. Mimi napenda nganya kuliko wengi, lakini nganya hufiki kwake kununua unga.

Usiku ndio kodi inaandikwa, kama kuunganisha malipo. Tangu Safaricom ilete Daraja mwaka wa 2017, tovuti inaweza kukutumia ile dirisha ya kuweka PIN ya M-Pesa moja kwa moja kwa simu. Mteja akiona hiyo ikifanya kazi mara ya kwanza, anatabasamu kama mtoto. Hapo ndipo unafaa kumkumbusha balansi.

Sasa tufike kwa balansi, juu hapa ndipo maisha ya huyu msee yanashikiliwa.

Desturi ni nusu mwanzo, nusu mwisho. Tuseme mmeelewana ngiri 40. Ngiri 20 inaingia, inalipa renti na tokeni siku hiyo hiyo. Kazi inaisha, mteja anasema iko sawa kabisa, anaomba paswedi "nionyeshe bosi". Akishazipata, simu inaanza kutoshikwa. Tiki mbili za bluu, kimya. Amekula fare.

Wengine wanalipiza kwa kushika jina la tovuti, na hapa nitasema wazi: hiyo ni ushamba. Jina, tuseme dukalangu.co.ke, liko chini ya KENIC ambao wanasimamia .ke zote, linauzwa na mawakala wao na linalipiwa kila mwaka. Disaina wengi hulisajili kwa jina na barua pepe zao, juu mteja anaona ni stori ndefu. Mwaka ukipita mkikosana, bili inakuja kwa disaina, anaipuuza, jina linakufa, na barua pepe zote za ofisi zinakufa nalo. Sasa hapo si deni tena, umeangusha biashara ya mtu.

Wajanja hufanya hivi. Jina linasajiliwa kwa mteja kutoka siku ya kwanza. Kazi yenyewe ndiyo inakaa kwa hostingi ya disaina, mteja anaitazama kwa linki ya majaribio, anabonyeza kila kitu, analalamika anavyotaka. Balansi ikisoma kwa simu, tovuti inahamishwa kwake usiku huo. Hakuna aliyeshika mali ya mwenzake. Na wewe unayetaka kutengenezewa, uliza hilo swali mapema: jina litasajiliwa kwa nani? Akianza kuzunguka, tafuta mwingine.

Kampuni nazo ziko na mchezo tofauti. Hazikatai kulipa, zinataka karatasi. Kutoka Januari 2024 zinahitaji invoisi ya eTIMS ndio KRA ikubali hiyo gharama, kwa hivyo kama hujajisajili utaambiwa urudi. Halafu kwa invoisi kubwa wanakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa niaba yako. Msee akiona pesa imeingia pungufu anadhani ameibiwa. Hajaibiwa, aitishe cheti cha hiyo kato, itamsaidia akifanya ritani.

Na yule aliyekula fare? Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kazi Milimani mwaka wa 2021. Inachukua madeni hadi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inasema kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Haijafungwa sana na zile taratibu kali za ushahidi, kwa hivyo chati za WhatsApp ambapo mlielewana bei, na meseji ya M-Pesa ya ile nusu ya kwanza, usizifute. Wasee wengi wanafuta simu ikijaa, halafu wanabaki na uchungu.

Ngoma je? Hii ndio hedifoni inaficha. Disaina hana ladha moja, ana ngoma ya kila kazi. Akikata picha, ni Wakadinali ama Gengetone ile ya Ethic ya 2018, kitu cha kutikisa kichwa juu kazi haihitaji akili. Arbantone nayo inamrudisha utotoni, vile inachukua midundo ya zamani na kuiamsha. Lakini kodi ikianza, maneno ya Sheng yanatolewa. Huwezi andika mstari wa PHP ukifuata punchline, utaandika punchline. Hapo ndipo unashtuka kupata kijana wa miaka 24 akicheza rhumba ya mzae wake. "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya 1985, inapita dakika kumi. Gitaa linazunguka, Lingala haishiki, na mikono inaendelea. Benga inafanya kazi hiyo hiyo kwa yule ambaye si Mjaluo. Kwa Mjaluo haifanyi, anaanza kuimba.

Kuna kitu kimoja hedifoni haziwezi: Jumapili asubuhi, jirani wa chini na spika yake ya gospel, saa ambayo disaina amelala kwa masaa mawili.

Disemba kazi inakauka. Ofisi zinafungwa, balansi zote zinakuwa za Januari, na anapanda gari ya ocha na laptopu kwa begi. Huko wanajua tu ni mtu wa kompyuta. Kufika jioni, mezani kumepangwa redio mbili, simu ya shosho iliyoingia maji, na remoti.