Mpiga picha wa Bariadi ambaye Google haikumjua

Wadau, ya leo haina staa ndani yake. Yuko mmoja tu, na ni gauni lake ndo lenye kazi. Twende taratibu.

Mwaka 2023 kuna dada mmoja yuko kazini Muscat, akapigiwa simu usiku kwamba mama yake amefariki hapa Bariadi. Ruhusa ya kusafiri hakupata. Akasema basi angalau mazishi yapigwe picha, ayaone kwa macho yake hata kama ni kwenye simu. Akaingia Google akaandika "mpiga picha Bariadi". Zikaja kurasa za halmashauri, habari za pamba, na studio moja ya Mwanza. Akapiga Mwanza. Ndugu waliokuwa nyumbani hata hawakuulizwa, si unajua msiba unavyochanganya watu. Jamaa wa Mwanza akalipwa kazi na nauli juu, akafika jeneza limeshatoka kanisani.

Sasa hapo ndo penye uchungu. Nyumba ya tatu toka kwenye ule msiba anakaa mpiga picha. Ana kamera mbili, ana taa zake, na tovuti anayo, aliyotengenezewa mwaka 2020 kwa laki nne. Siku ile alikuwa palepale kwenye kiti cha plastiki kama majirani wengine, anamwangalia mgeni akihangaika na jua la saa nane. Kaniomba nisimtaje, kwa hiyo hapa nitamwita Jirani.

Baada ya wiki mbili alinifuata. "Dogo, wewe si mtu wa mitandao? Hebu niambie, mbona mimi sionekani?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kuchimba, na nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyofikiri.

Zamani mpiga picha alionekana kwa mahali. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na studio ile ikapita mikononi mwa mwanawe. Ukitaka picha unaenda pale, mlango unaujua, kibao unakiona, na picha za watu zimewekwa dirishani kwa ajili ya mpita njia. Lile dirisha ndo lilikuwa tovuti. Huku kwetu wazee wanasimulia kuhusu wapiga picha wa baiskeli waliofuata magulio. Anakuja na filamu moja ya picha 36, anapiga, anachukua kishika uchumba, filamu inapanda basi kwenda kusafishwa Mwanza, anarudi gulio lijalo na bahasha. Huyo hakuhitaji tangazo. Watoto wakiona ile baiskeli tu kijiji kizima kinajua.

Ila ukitaka kuelewa Google, usianzie hata kwa wapiga picha. Anzia kwenye mbina. Msukuma yeyote anayenisoma anajua Bagika na Bagalu. Vikundi hivi viwili vya ngoma vimetokana na Ngika na Gumha, watu wa karne ya 19, na hadi leo baada ya mavuno vinashindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Anayeshinda ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Jaji ni miguu ya watazamaji. Ndiyo maana wachezaji walikuja na nyoka, na fisi, na vituko vya kila aina, na ndiyo maana kulikuwa na dawa ya mvuto, samba, ili watu wakuache huku waje kule.

Halafu mwaka 1998 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, wakaanzisha Google kwa wazo ambalo mcheza bugobogobo asingelishangaa. Ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingi nyingine, hasa zile ambazo zenyewe zinaheshimika, huo upandishwe juu. Kwa hiyo ni watu wangapi wamekuzunguka, na ni akina nani.

Tatizo ni kwamba Google ya kwanza ilisoma maneno. Picha ilikuwa haina habari nayo. Sasa staa wetu anaingia. Februari 2000 Jennifer Lopez alitokea kwenye tuzo za Grammy na lile gauni la kijani la Versace, lile lililofunguka hadi kitovuni. Dunia nzima ikakimbilia Google kulitafuta. Watu walitaka kuona gauni, wakawa wanapewa maandishi. Eric Schmidt, aliyekuja kuwa bosi wa Google, aliandika baadaye kwamba huo ndio uliokuwa utafutaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuuona hadi wakati ule, na kwamba hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kutafuta picha. Julai 2001 Google Images ikafunguliwa. Yaani gauni moja!

Lakini mashine iliijuaje picha? Kwa kiasi kikubwa ilisoma kilichoandikwa karibu yake: jina la faili, maelezo ya chini, kichwa cha habari juu yake, na yale maneno yanayowekwa ndani ya ukurasa kuieleza picha kwa mtu asiyeona. Siku hizi kompyuta zina macho kidogo, zinaweza kusema huyu ni mwanamke na hii ni ngoma. Kwamba ni Nyakabindi, na ni Nane Nane, hilo mara nyingi bado linatoka kwenye maandishi.

Na hapa Bongo kuna mtu alilifanya hili bila darasa. Septemba 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, akiwa Helsinki alianza blogu yake kwa msaada wa Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili. Kumbuka hapo mkongo wa SEACOM haujafika Dar, huo ulikuja 2009, na intaneti ilikuwa ya kununua kwa saa kwenye kafe. Watu wa nje waliifungua ile blogu kuona nyumbani kunaendaje. Picha haikuwekwa uchi. Chini yake kulikuwa na maneno: huyu ni nani, yuko wapi, kuna shughuli gani. Wengi tulidhani ni uandishi wa habari wa kawaida tu. Kumbe kila mstari ule ulikuwa mlango wa Google kuingilia.

Basi nikafungua tovuti ya Jirani. Jamani.

Ukurasa wa mbele ni picha moja kubwa, na jina lake limechorwa ndani ya picha, kwa hiyo kwa mashine ni sawa na hakuna jina. Picha 30, kila moja kama MB 8. Piga hesabu, MB 240 za bando ili umalize ukurasa mmoja. Nani atasubiri? Majina ya faili ni DSC_0411, DSC_0412, hivyo hivyo hadi mwisho. Neno Bariadi halipo popote. Simiyu imeandikwa mara moja, kwenye anwani, na imekosewa.

Halafu nikaburuza kipanya chini kabisa ya ukurasa, yakatokea maandishi meupe juu ya rangi nyeupe: "mpiga picha bora Tanzania", yamerudiwa mara hamsini na kitu. Fundi aliyemtengenezea alimwambia hiyo ndo siri. Nilicheka, kisha nikamwonea huruma, maana laki nne ni hela. Hiyo ni samba ya mtandaoni. Google wamekataza maandishi ya kuficha kwa muda mrefu, na hata yale maneno muhimu ya kujaza kichwani mwa ukurasa walitangaza mwaka 2009 kwamba hawayatumii kupanga matokeo. Jirani alinunua dawa iliyokwisha muda wake.

Kuna na jambo la mkoa wetu wenyewe. Simiyu ilizaliwa mwaka 2012, ikamegwa toka Shinyanga. Kila kilichoandikwa mtandaoni kabla ya hapo kinasema "Bariadi, Shinyanga". Kwa hiyo mtu aliyeondoka nyumbani zamani anaweza bado kuandika Shinyanga akitafuta mambo ya kwao, wakati kijana wa leo anaandika Simiyu. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipoletwa Nyakabindi mwaka 2018, yakarudi 2019 na 2020, ndipo nchi nzima ikajifunza kulitafuta jina letu. Jirani alikuwepo Nyakabindi na kamera. Picha anazo. Zilikuwa zimelala kwenye tovuti bila jina.

Kazi tuliyofanya haina uchawi, na sitawadanganya kwamba ilikuwa ya siku moja. Jioni kadhaa tumekaa dukani kwake. Maandishi meupe tukafuta. Picha tukazipunguza hadi chini ya nusu MB. Tukamwandikisha kwenye ramani ya Google kama biashara, bure kabisa, na saa za kazi na namba ya simu, na kwa maoni yangu hilo peke yake lingemwokoa siku ile ya msiba. Tukaongeza kurasa za kweli: harusi Bariadi, mazishi na kumbukumbu, ngoma za Usukuma, safari ya Lamadi na geti la Ndabaka. Kila moja ina maelezo aliyoandika yeye kwa Kiswahili chake, kwa sababu wateja wake wanatafuta kwa Kiswahili. Tukaomba ukumbi mmoja na kwaya moja waweke kiungo cha tovuti yake kwenye kurasa zao. Watazamaji wawili wa kwanza kwenye mbina.

Kilichochukua muda ni majina ya picha. Tulizifungua moja moja, yeye anasema, mimi naandika. Bugobogobo, Nyakabindi, Agosti 2019. Mkulima na pamba, Dutwa. Tukafika DSC_0417. Ni watu wamezunguka ngoma, na mbele kabisa kuna mama wa kitenge cha njano, ameweka mkono kiunoni, anacheka mdomo wazi.

Jirani akanyamaza. Akasogeza kiti. "Huyu si mama wa pale msibani?"

Ilikuwa kwenye tovuti yake miaka yote ile. Binti yake angeweza kutafuta hadi kesho asiipate.

Hatukuiandikia jina lake, hiyo si haki yetu. Jirani aliomba namba kwa kaka wa yule dada, akamtumia WhatsApp, saizi kamili. Kwa siku nzima hakukuwa na jibu. Usiku wa pili ikaja sauti ya dakika nne. Mwanzoni ni kilio tu, halafu anauliza kama ipo nyingine, hata ambayo mama hakuangalia kamera. Jirani akaichomoa ile hadi diski ya 2019, tukaanza tena kutoka DSC_0001.