Ahmed Kamal, Mwana wa Misri

Tukitaja wachimbuzi wa Misri ya kale, twataja Wazungu tu. Tumjue basi Ahmed Kamal, aliyezaliwa Kairo mwaka 1851. Brugsch, Mjeremani, alimfundisha maandiko ya Mafarao katika shule iliyofunguliwa mwaka 1869. Lakini Mariette, Mfransa mkubwa wa machimbo, aliogopa kunyang'anywa cheo. Akawanyima wanafunzi wale kazi. Ajabu kweli: mwenye nyumba kubisha hodi kwake! Kamal akafundisha lugha.

Mariette alikufa mwaka 1881, Maspero akampokea Kamal. Mwaka uleule alikuwapo Deir el-Bahari, maiti ya Ramses II ilipotolewa mafichoni. Kisha akatunga kamusi ya vitabu 22, akilinganisha Kimisri cha kale na Kiarabu, lugha yake mwenyewe. Alikufa mwaka 1923, kamusi haijapigwa chapa.