Trafiki alipotoka kwenye michongoma

Januari 28, 1896, gari lilikatiza kijiji cha Paddock Wood huko Kent, Uingereza, kwa mwendo wa maili nane kwa saa, yaani kama kilomita 13. Kwa mwendo huo leo bodaboda angelipigia honi lipishe njia. Lakini mwendo ulioruhusiwa hapo ulikuwa maili mbili tu, na gari lenyewe lilipita mbele ya nyumba ya konstebo. Inasimuliwa kwamba konstebo alikuwa mezani anakula. Akaacha sahani, akanyakua kofia, akarukia baiskeli na kupiga pedali maili tano hadi akamfikia dereva, Walter Arnold.

Mahakama ya Tonbridge ilimkuta na makosa manne: kutumia barabarani chombo kisichokokotwa na farasi, kuwa na watu pungufu ya watatu wa kukihudumia, kutoandika jina na anwani yake kwenye chombo hicho, na kuzidisha mwendo. Kwa hilo la mwendo alitozwa shilingi moja na gharama za kesi. Arnold alikuwa na biashara ya magari. Sidhani kama alilala na huzuni usiku ule. Nani mwingine angemtangazia mali yake kwa shilingi moja?

Sheria iliyomnasa ilikuwa ya mwaka 1865, na ilitungwa kwa kufikiria mitambo mikubwa ya mvuke. Iliruhusu maili nne kwa saa nje ya miji na mbili ndani yake, na mwanzoni ilitaka mtu atembee mbele ya mtambo akiwa na bendera nyekundu. Novemba 1896 Bunge liliilegeza, na mwaka 1903 likapandisha mwendo hadi maili 20, likaleta namba za magari na leseni ya shilingi tano. Mtihani wa udereva haukuwepo. Aliyelipa alipata leseni, hata kama asubuhi hiyo ndiyo kwanza ameshika usukani.

Sheria ilikuwepo basi, lakini polisi wa kuisimamia alikuwa na miguu yake, na akibahatika, baiskeli. Hakuweza kulifukuza gari la maili 30 kwa saa, kwa hiyo akajificha. Askari walipima kipande cha barabara, mmoja akajibanza kwenye michongoma upande huu, mwenzake upande ule. Gari likipita kwa wa kwanza, leso inapepea; likifika kwa wa pili, saa inasomwa. Wenye magari walilalamika kwamba mitego hiyo haikutegwa penye shule wala kwenye kona za hatari, bali kwenye barabara iliyonyooka, tupu, ambapo mguu wa dereva hushuka wenyewe kwenye mafuta.

Mwaka 1905 wenye magari wakaanzisha chama chao jijini London, Automobile Association, maarufu kama AA. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuvuta magari mabovu. Ilikuwa kuajiri vijana wa baiskeli wazungukie barabara ya Brighton na kuwaonya madereva kwamba mbele kuna mtego. Doria hiyo, ukiiangalia hivyo, ilikuwa doria ya kuwakimbia polisi.

Mahakama ikaingilia kati. Katika kesi ya Betts dhidi ya Stevens, iliyoamuliwa chini ya Jaji Mkuu Lord Alverstone na kuchapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1910, ilionekana kwamba kumwashiria dereva anayezidisha mwendo apunguze, ili asinaswe, ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Watu wa AA wakakuna vichwa, wakapata jibu ambalo hadi leo linanichekesha. Doria wao walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila dereva mwenye beji ya chama. Wanachama wakaambiwa: ukimwona doria hakupigi saluti, simama umuulize kwa nini. Mtu anaweza kushtakiwa kwa ishara aliyotoa. Lakini hakimu gani atamfunga mtu kwa kutopiga saluti? Desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya mwanzo ya 1960.

Msomaji aliyepanda basi la mkoani hapa Tanzania ameshaujua mchezo huu. Unatoka Chalinze kuelekea Morogoro, lori la mbele linamulika taa mara mbili, na ghafla dereva wako anakumbuka kibao cha kilomita 50. Hakuna aliyesema neno, lakini basi zima linajua kuna tochi ya kupimia mwendo mbele. Askari wa tochi akishapitwa, mguu unarudi palepale ulipokuwa. Waingereza walikaa na tatizo hilohilo kwa miaka 25 kabla ya kujaribu njia nyingine.

Njia hiyo ilianza na sheria ya mwaka 1930. Iliondoa ukomo wa maili 20 kwa magari madogo, ambao hata hivyo hakuna aliyekuwa akiufuata, na badala yake ikakaza makosa ya uendeshaji wa hatari na wa uzembe. Serikali ikatoa fedha za kununulia polisi pikipiki na magari. Sasa askari alikuwa na chombo cha kumfikia dereva, na kazi yake haikuwa tena kusoma saa tu. Ilibidi aangalie mtu anaendeshaje, kisha aamue.

Tatizo ni kwamba askari mwenyewe hakujua kuendesha. Mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, na magari ya polisi nayo yalikuwa yakigonga. Mwaka uliofuata ukaja ukomo wa maili 30 mijini na mtihani wa lazima kwa madereva wapya. Kipindi hichohicho polisi wa London wakafungua shule ya udereva pale Hendon, na mwaka 1937 wakamwita Earl wa Cottenham, mtu aliyewahi kushindana katika mbio za magari, awashauri jinsi ya kufundisha. Kutoka mikononi mwake ukatokea mpangilio ambao askari wa doria anafundishwa mpaka leo: kwanza taarifa, kisha nafasi ya gari barabarani, mwendo, gia, na mwisho kuongeza kasi. Mwaka 1955 mafunzo hayo yalichapishwa kwa ajili ya kila mtu katika kitabu kiitwacho Roadcraft.

Zoezi linalonivutia zaidi katika shule hiyo ni lile la kuendesha huku ukisema. Mwanafunzi anakwenda kasi na wakati huohuo anatamka kila anachokiona na maana yake: basi limesimama, huenda mtu akatokea mbele yake, mapipa ya taka yako nje, basi gari la taka liko karibu, matope mabichi barabarani, kuna trekta nyuma ya kona. Anayenyamaza amepoteza barabara. Na hata mwenye mdomo mwepesi hupimwa kwa sharti moja: uweze kusimama ndani ya umbali unaouona kuwa uko wazi.

Ndiyo maana huko mtu haajiriwi moja kwa moja kuwa trafiki wa barabara kuu. Anaanza kama polisi wa kawaida, anamaliza muda wa majaribio, kisha anapanda ngazi za udereva moja baada ya nyingine. Wengi huishia katikati.

Mwaka 1938 Lancashire na maeneo mengine machache yalijaribu jambo ambalo wakuu wengi wa polisi waliliona kama ulegevu: askari wa doria waliagizwa wawasimamishe madereva na kuwaelekeza kwa upole badala ya kuwafungulia kesi. Magazeti yaliwaita polisi wa adabu. Vita vya 1939 vilikatisha jaribio hilo, lakini wazo la askari anayeonekana halikufa. Barabara ya Preston ilipofunguliwa Desemba 1958, ya kwanza nchini humo kwa magari pekee, na M1 ikafuata mwaka 1959 bila ukomo wowote wa mwendo, hapakuwa na michongoma ya kujibanza. Magari ya polisi yakapakwa rangi nyeupe na mstari mwekundu ubavuni, watu wakayaita mkate wa jemu. Katika miaka ya 1990 yakaja miraba ya njano na buluu, iliyobuniwa kwa makusudi ionekane kutoka mita 500.

Kipima ulevi kilifika Oktoba 1967. Tangu mwaka 2004 wapo pia maofisa wasio polisi, wenye makoti ya rangi kali, wanaookota matairi yaliyopasuka na kuelekeza magari kwenye barabara kubwa za England. Kazi ya askari imebaki ile ambayo hawezi kumwachia mtu: kumsimamisha mlevi, kupima alama za breki kwenye lami baada ya vifo. Kisha mmoja wao huendesha taratibu hadi kwenye nyumba ambayo watu wake hawajui kitu, anavua kofia, anabisha hodi.