Milango ya Fahamu Ikifungwa Angani

Njaa hupiga hodi, na kiu hupiga hodi. Lakini mtu akipungukiwa na oksijeni, ile sehemu ya hewa itutiayo uhai, hasikii hodi yoyote. Jambo hili wanadamu walijifunza kwa hasara, nasi twataka kusimulia jinsi ilivyokuwa.

Tarehe 5 Septemba 1862, Mwingereza James Glaisher, mtaalamu wa hali ya hewa, alipanda angani kwa baluni pamoja na rubani wake, Henry Coxwell, kutoka mji wa Wolverhampton. Walipofika kimo cha futi 29,000 hivi, yaani mara moja na nusu ya Kilimanjaro, Glaisher aliona hawezi tena kusoma vipimo vyake. Akataka kunyosha mkono, mkono haukumtii. Kichwa kikamwangukia begani. Akamwona mwenzake kama kivuli. Akataka kusema naye, ulimi ukakataa. Mara giza likamfunika, hali akili yake ingali macho. Kisha nayo ikazimika.

Mikono ya Coxwell ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, basi akaikamata kwa meno kamba ya kutolea gesi, akaivuta, baluni ikashuka. Glaisher alizimia kwa dakika 7 hivi. Katika kuzinduka, mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa sikio: aliisikia sauti ya mwenzake kabla ya kumwona wala kuweza kumjibu.

Tarehe 15 Aprili 1875, Wafaransa watatu walipanda kwa baluni iitwayo Zénith. Hao walichukua mifuko ya oksijeni, kwa kufuata uchunguzi wa mtaalamu Paul Bert. Lakini saa ya kuihitaji ilipofika, mikono haikuweza kuinuka. Sivel na Crocé-Spinelli walikufa. Gaston Tissandier alipona, ila akapata uziwi. Naye alieleza kwamba kule juu hakuona maumivu, bali furaha moyoni.

Furaha hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana mtu hukaribia kufa huku akijiona mzima. Kwa hiyo hata leo, hewa ikipungua ndani ya ndege, abiria huagizwa avae kifuniko chake cha oksijeni kwanza, ndipo amvike mtoto wake. Si uchoyo huo. Akichelewa, mikono yake haitamfaa yeye wala mtoto. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.