2008: Kwao mashine, kwetu kimya

Wasee, tuambiane ukweli. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, waliamsha ubongo kwa sumaku bila kupasua kichwa. Oktoba 2008, Marekani ikaruhusu mashine ya aina hiyo itibu depresheni iliyoshinda dawa.

Machi mwaka huo huo, jeshi lilikuwa limepanda Mlima Elgon kusaka SLDF: Operesheni Okoa Maisha. Nilikuwa mtoto hapa Kapsokwony. Watu wazima walizika, wakarudi shambani, wakanyamaza.

Carothers, daktari mkoloni aliyewahi kusimamia Mathari, aliandika 1953 eti depresheni ni nadra kwa Mwafrika. Zii! Alichukua kimya chetu akakiita afya.

Mashine ingojewe. Leo muulize babako mbona halali usiku.